Makufuli Mawili, Paka Mmoja

Fundi cherehani alikuwa mwanamke mwoga, wala hakuficha. Aliogopa nyaya za umeme, aliogopa kikohozi cha mwanawe, na zaidi ya yote aliogopa ugomvi wa watu. Kwa hiyo ndugu wawili wa duka la jirani walipoanza kugombea urithi wa baba yao, yeye aliinamia cherehani yake. Si wahenga wamesema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime?

Kaka mtu alitia kufuli lake mlangoni. Mdogo mtu akaja akatia la kwake juu ya lile.

"Hata msumari wa humu ndani ni wangu!"

"Hata vumbi lake ni langu!"

Wakaondoka, kila mmoja na ufunguo wake mfukoni. Ndani wamemfungia paka wa marehemu, yule wa madoadoa aliyezoea kulala chini ya kaunta.

Mwanzoni paka alilia kama mtu anayedai haki yake. Siku ya tatu akalia kama anayeomba. Fundi akajikaza, akamwendea kaka mtu.

"Kaka, paka yumo ndani."

"Mwambie mdogo wangu atoe kufuli lake kwanza."

Akamwendea mdogo mtu.

"Dada, nikitangulia kufungua, atasema nimemwachia duka. Mimi si mjinga."

Aliporudi alimkuta binti yake kalala kifudifudi, anasukuma kizibo cha chupa chenye maji chini ya mlango wa duka lile.

"Toka hapo, bati litakukata!"

"Mama, ningefungiwa mimi, ungengoja wapatane?"

Swali lile lilimchoma kuliko sindano. Alivua tepu shingoni, akajifunga kitambaa, akashika njia kwenda ofisi ya mifugo, kwa daktari.

Daktari, mama wa makamo mwenye viatu vya mpira, alikuja na askari na mtaimbo. Ndugu wale waliposikia chuma kinagonga bati, wakaja mbio, kila mmoja kutoka upande wake.

"Mlango wangu huo!"

"Wako tangu lini?"

"Tulieni," alisema daktari. "Sheria haisomi makufuli. Mwenye mnyama akimnyima chakula na maji, ana kesi. Paka huyu ni wa nani?"

"Wa huyu!" walijibu kwa pamoja, wakioneshana vidole.

Watu waliokusanyika wakaangua kicheko.

"Mimi na paka wapi na wapi?" alisema mdogo mtu. "Nikimwona tu napiga chafya."

Hapo fundi, ambaye sauti yake haikuwahi kuvuka kizingiti, akapaza: "Jamani! Vumbi mmelirithi, paka mmemkana? Mheshimiwa daktari, shika neno hili: asiye na paka, hana duka!"

Kicheko kikakatika. Kaka mtu alitazama kibao cha baba yao juu ya mlango.

"Ni wetu," alisema.

"Sikusikia," alisema daktari.

"Wetu. Mimi na mdogo wangu."

Tangu mazishi, neno hilo lilikuwa halijatoka vinywani mwao. Funguo zikatoka mifukoni.

Paka alitoka ngozi na mifupa. Aliwapita wenye mali bila kuwatazama, akafika kwenye vipande vya nguo mlangoni pa fundi, akalala. Daktari akamtia maji kwa sindano, akasema ataishi, na atakaa hapo hapo, chakula kwa gharama ya ndugu wawili. Mahakamani walikwenda pia. Walisimama kizimbani bega kwa bega, wakatozwa faini, wakakatazwa kufuga.

Basi wazazi wenzangu, mkigombana na kufunga milango, chungulieni kwanza chini ya kaunta. Na wewe jirani uliyeshika jembe ukalima, sikiliza vizuri: anayelia humo ndani hana ugomvi na mtu. Ofisi ya mifugo ina mlango, nao uko wazi. Fundi huyu bado anaogopa nyaya za umeme, lakini njia ya ofisi ile anaijua, na binti yake anajua kwamba anaijua.