Vidole Visivyosubiri

Rudy Hruska alitoa toleo jipya la programu yake Jumatatu, na kufika Jumatano shemeji yake alikuwa karibu kufukuzwa kazi. Mwanzoni hakuona kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano.

Programu yenyewe ilikuwa ya kujifanya. Miaka nenda rudi makarani wa kampuni ya bima ya mazao, pale Omaha, walizungumza na kompyuta kuu ya orofa ya chini kupitia skrini nzito za maandishi ya kijani, walizoziita vioo. Vioo vikaanza kufa kimoja kimoja, kampuni ikanunua mashine za Unix, mfumo mwingine kabisa. Kompyuta kuu haikuijua lugha ya mashine hizo wala haikuwa na haja ya kujifunza. Basi Rudy akaandika programu ya kuifanya mashine mpya iseme na kujibu kama kioo cha zamani, ili mkubwa kule chini asigundue kitu. Aliwapa bure na watu wa nje. Kila kiwanda cha kompyuta kilikuwa na Unix yake, kwa hiyo kila toleo ilimbidi alihamishe kutoka mashine hii hadi ile, arekebishe, ajaribu, ndipo atangaze. Watu wa nchi za mbali walimwandikia kumshukuru.

Toleo hili alilijivunia kuliko yote. Kioo cha zamani, ukishatuma ukurasa, kilifunga vitufe mpaka kompyuta kuu ijibu. Alama ndogo ya saa ilitokea chini, na chochote ulichobonyeza wakati huo kilipotea. Rudy aliona huko ni kupoteza muda wa watu. Sasa programu yake ilikumbuka kila ulichobonyeza, na jibu likifika tu, ikavimimina vyote kwa mpangilio. Karani mwepesi angeweza kuitangulia mashine.

Jumatano mchana, kantini, Bernadine Kolar, dada wa mkewe, aliketi mbele yake na kuiweka runza yake, mkate uliojazwa nyama na kabichi, mezani bila kuifungua.

"Shemeji, nitafutie kazi kwa hao marafiki zako usiowajua hata sura."

"Kuna nini tena?"

"Bosi Lindquist kaniita ofisini kesho. Bima za wakulima zinafutika, na kila iliyofutwa ina jina langu. Kuna mzee wa mji wa Wahoo, mvua ya mawe imemlaza mahindi yote. Kapiga simu, kaambiwa hana bima tangu jana."

"Umeifuta?"

"Nikupake hii runza usoni? Nafungua faili, nasahihisha ekari, nafunga. Basi. Lindquist anasema eti nimechoka, labda nipumzike moja kwa moja. Na anasema kwa upole, mshenzi yule! Angenitukana ningejua la kumjibu."

Rudy alimjua Bernadine. Mdomo wake ulikuwa mchafu, kazi yake safi. Alirudi mezani kwake akatafuta kosa kwenye programu, pale ambapo kwa kawaida makosa ya kuhamisha hujificha: herufi zinazogeuzwa, sehemu za ukurasa zinazosomwa kinyume. Hakuna. Kila kitu kilienda jinsi alivyokiandika.

Akabeba kiti, akashuka kwenye chumba cha makarani, akaketi nyuma ya Bernadine.

"Umekuja kunipeleleza?"

"Fanya kazi, mama. Mimi sipo."

Bernadine alisahihisha ekari za mkulima mmoja, akatuma. Alama ya saa ikatokea. Hapo ndipo Rudy aliposikia: ta, ta, ta, ta.

"Hiyo ni nini?"

"Nini ni nini?"

"Kidole chako."

Bernadine akakitazama kidole chake kama cha mtu mwingine. Kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma. "Kinasubiri," akasema.

Rudy akatega sikio chumba kizima. Wote walikuwa hivyo hivyo. Kila aliyekuwa akingoja jibu aligonga kitufe kile kile, chumba kikasikika kama kuku wanaodonoa mahindi kwenye bati. Walikuwa na desturi hiyo tangu vioo vya kijani, na haikumdhuru mtu, kwa sababu kioo cha zamani kikiwa kinangoja kilikuwa kiziwi. Yeye aliketi orofa ya juu miaka yote hiyo na hakuwahi kuisikia.

Ukisahihisha ekari, kompyuta kuu huuliza: nifute bima hii ili ufungue nyingine? Kitufe cha kutuma ni ndiyo. Bernadine siku zote alijibu hapana. Sasa swali lilikuja na kujibiwa kabla jicho halijalifikia, na kilicholijibu ni zile ta, ta, ta alizozigonga kabla halijaulizwa. Kwa wenzake jambo hilo halikuwa na madhara bado. Yeye peke yake ndiye aliyepewa kazi ya ekari msimu huo.

"Ni mimi," Rudy alisema.

"Wewe nini?"

Akamweleza. Bernadine akakiondoa kidole chake kwenye kitufe.

"Usimwambie Lindquist hivyo hivyo," akasema. "Atasema shemeji anamkingia kifua shemeji."

Ilikuwa kweli. Rudy angeweza pia kuliondoa jambo hilo kimya kimya, na jina lake lingebaki safi, ila la Bernadine lingebaki kwenye zile bima.

Kesho yake aliingia na Bernadine kwa Lindquist, akamgeuzia mashine. Alikuwa ametengeneza mkulima wa uongo.

"Sahihisha ekari zake, bosi. Wewe ulianzia ukarani, hujasahau."

"Sina muda wa michezo, Rudy."

"Mara moja tu."

Lindquist akasahihisha, akatuma, akageuka kumwambia Bernadine jambo. Nyuma ya maneno yake kidole kikaanza: ta, ta, ta. Alipokitazama kioo tena, mkulima hakuwapo.

"Nimefanya nini?"

"Ulichokifanya siku zote. Aliyebadilisha ni mimi."

Lindquist aliuficha mkono wake chini ya meza. "Na kitu hiki umewapa watu wa nje?"

"Tangu Jumatatu. Wangapi, sijui."

"Na mzee wa Wahoo?" Bernadine aliuliza. Hakuuliza habari ya kazi yake.

"Bima yake inarudi kama haijawahi kufutwa," Lindquist alisema. "Zote. Nenda kaketi, Bernadine."

"Niombwe msamaha kwanza."

Akaombwa. Kwa upole.

Siku hiyo hiyo Rudy aliliondoa toleo na kuwaandikia watu wote sababu. Mtu mmoja wa Helsinki akamjibu kwa hasira: kazi nzuri namna ile, kwa nini usiwafundishe makarani wako kutulia?

Rudy alianza barua ndefu. Aliandika kwamba alikiiga kioo kile mpaka rangi na mlio wake, lakini uziwi wake akaudhania kasoro, kumbe watu walikuwa wamejenga maisha juu yake. Akaifuta yote. Akaandika: kwa sababu hawakukosea.

Kisha akaanza kulihamisha upya toleo la zamani, mashine moja baada ya nyingine.