Nikolaus Alilala Wapi

Nikolaus alirudi Kilosa na homa baada ya wiki tatu safarini, na hospitali tulimpeleka watu tisa, chumba kikajaa sisi. Homa ilimshika siku tatu, ikaacha, tukashangilia. Wiki haijaisha ikarudi na hasira: macho ya njano, meno yanagongana. Dawa ya mseto alishamaliza. Kipimo cha malaria, mara mbili, hakuna kitu.

Daktari Editha akamuuliza, "Ulisafiri wapi?"

"Dar."

"Wiki tatu zote?"

"Zote."

"Dengue ya Dar hairudirudi hivi. Ulilala nyumba gani?" Akatugeukia. "Naomba mtupishe."

Hakutoka mtu. Mgonjwa wetu tumwache peke yake na daktari, kwani kakamatwa?

"Alilala gesti, yenye feni," akadakia Tumwagile, dada yake. "Andika dawa, acha upolisi."

Hildegarda, mkewe, akamkata jicho. "Wifi, ulikuwepo?"

"Namjua kaka yangu. Homa hii kaipatia humo ndani kwako."

"Rudia!"

"Umemloga! Nirudie tena?"

"Mtagombana msibani," Editha akasema. "Nisipojua alikolala, nabahatisha tu, na huyu hana siku nyingi za kubahatisha."

Nikolaus akafumba macho. Mimi, jirani yao, nilijua. Kaka yangu Bonifas huleta vitunguu kutoka upande wa Mpwapwa. Alimkuta huko kwa mwanamke, kajaa tele kama mwenye nyumba. Nusu ya soko ilishajua, isipokuwa Hildegarda.

Tumwagile akanibana mkono. "Mama Yusrah, ukifungua mdomo, kwetu usikanyage."

Nikaufungua. "Daktari, hakufika Dar. Alikuwa Mpwapwa kwa mwanamke. Nyumba ya udongo, wanalala chini, kwenye mkeka."

Tumwagile akaniachia mkono.

"Papasi, jamii ya kupe," Editha akasema. "Wanakaa kwenye nyufa za udongo, wanamuuma mtu kalala, wanamwachia homa hii ya kurudirudi. Lete mkono, nitoe damu homa ikiwa bado juu."

Kwenye darubini vijidudu vilionekana, vimejisokota kama nyuzi. Dawa ipo, akasema, siku kumi, na atapona.

"Mama watoto..." Nikolaus akaanza.

Hildegarda hakumtazama. "Daktari, anakunywa saa ngapi?"

"Asubuhi na jioni, akishakula."

Hildegarda akamsukumia Tumwagile kapu la vyombo. "Umesikia, wifi? Akishakula. Kapike."

Mwenyewe akatoka. Wenzangu wakamfuata mmoja mmoja. Mimi nilitaka kubaki nione, lakini Tumwagile alishaninyanyulia sufuria, na halikuwa la kupikia.