Jibu Nyuma ya Kiganja

…na kiganja chenyewe kimeziba mdomo wote, kuanzia chini ya pua mpaka kidevuni, kama mtu anayezuia chafya mbele ya wakwe, kwa hiyo hapo hakuna cha kusoma, hakuna midomo, hakuna meno wala ulimi, kuna pete na kucha zilizopakwa rangi ya udhurungi, basi, na nyuma ya pete hiyo mama wa watu ameshajibu, hilo halina ubishi, mabega yamepanda yakashuka, na walimu wazima wa dawati la mbele, waliokaa kwenye viti vya watoto magoti yakikaribia kugusa ndevu, wamegeuka kumtazama yeye, mwalimu, mwenye chaki, mwenye somo, waone atasema nini, naye hajasikia kitu, hata silabi, amesikia feni, feni anaisikia vizuri sana, feni na ile mashine ya kuonyesha picha ukutani inayounguruma kama paka aliyeshiba, Mungu hamnyimi mja wake vyote, kamwachia feni… Swali aliuliza mwenyewe, kwa Kiingereza cha taratibu, swali la kidato cha kwanza, umeona nini njiani asubuhi ulipokuwa ukija shule, na huyu mama, ambaye katika maisha ya kweli ni mwalimu wa Kiingereza mwenye sauti ya kunyamazisha gwaride, leo ni mwanafunzi mwenye haya, ndivyo kadi ilivyomwamuru, maana mwezeshaji wa semina aligawa kadi kabla ya somo, kila mwalimu na kadi yake, marufuku kumwonyesha mwenzako, wewe mtundu, wewe mvivu, wewe unajua ila unaogopa, wewe jibu kinyume kabisa tuone mwalimu atakusahihishaje, na walimu wakipewa ruhusa ya kuwa watoto, ee jamani, mbuzi waliofunguliwa kamba wana adabu kuliko wao. “Ticha, huyu ananifinya,” alilalamika yule mwenye kipara aliye dirishani, babu wa wajukuu, na hilo mwalimu wetu alilisikia, kwa sababu sauti nzito bado zinamfikia, zinafika kama wageni wa zamani wanaoijua njia, ni zile nyembamba zinazopotelea mlangoni, za wasichana, za ndege, ya mke wake akiwa jikoni bomba likiwa wazi. “Baba watoto, nimekwambia mara tatu.” “Umeniambia nini?” “Basi, yamepita.” Neno lenyewe hilo, basi, ndilo analolichukia kuliko yote, siku hizi mkewe harudii kitu, anasema basi na kuendelea kukatakata vitunguu, na mambo yote yaliyopita nyuma ya hiyo basi yangeweza kujaza nyumba nyingine, habari za majirani, vichekesho, labda hata kutukanwa kidogo kulikostahili…

Sema veri gudi. Sema tu, ulimi unaijua njia, unaweza kwenda wenyewe bila kushikwa mkono, veri gudi, kaa chini, mwingine, ndiyo dawa iliyomvusha miaka yote hii, mpaka wanafunzi wakamwita hivyo, Veri Gudi, “Veri Gudi anakuja,” wanasema koridoni, na yeye akifikiri ni mapenzi, na labda ni mapenzi, watoto hawakupi jina wasipokuwa wamekaa wakakufikiria. Lakini leo kuna kadi. Leo veri gudi inaweza kuwa kitanzi, kwa sababu kama mama huyu ameambiwa ajibu kinyume, kama nyuma ya kile kiganja amesema njiani niliona kaka yangu anaitwa Jumatatu, au amesema sipendi somo hili, au amemtukana kwa Kiingereza safi, mwalimu wa mfano akatabasamu na kumwambia veri gudi, ukumbi utaanguka kwa kicheko, kisha kicheko kitakwisha, na hapo patakapokwisha kicheko ndipo pabaya, ndipo mwezeshaji atakapoinua kichwa na kuanza kuunganisha moja na moja. Basi mwambie arudie. Amesharudia. Alimwambia arudie, mama akarudia, kiganja palepale kama kimegundishwa, na kuuliza mara ya tatu haiwezekani, ya kwanza ni ualimu, ya pili ni subira, ya tatu ni ugonjwa. Basi tumia ile nyingine. Ameshaitumia pia, alimgeukia mwenye kipara, “Mwenzako amesema nini?” na mwenye kipara akasimama, akavuta suruali juu kama kijana wa miaka kumi na mitatu, akasema, “Hata mimi sikumsikia, Mwalimu,” na walimu wakacheka, naye akacheka pamoja nao, kucheka wanapocheka wenzako ni ufundi ambao angeweza kuufundisha chuo kikuu, lakini hajui mpaka sasa kama yule bwana hakusikia kweli au ni kadi yake iliyomwambia asisikie, hebu fikiri, dunia imefika mahali watu wanapewa kadi ili waigize kile ambacho mwenzao anakificha bure bila kadi…

Na amesogea. Hatua mbili, tatu, kati ya madawati, chaki mkononi, uso umeinama kidogo upande wa kulia ulio afadhali, mwendo wake maarufu, mwendo uliomleta hapa. Maana si angekuwa nyumbani saa hizi, miguu juu ya kigoda, kama yule mkaguzi asingeingia darasani kwake bila hodi na kukaa nyuma na kuona mwalimu anauliza swali kisha ananyamaza, ananyamaza muda ambao walimu wengine wangeshajijibu wenyewe na kufuta ubao, anamwendea mwanafunzi mpaka karibu, anamtazama usoni kama mtu anayesikiliza kwa moyo wote, halafu anamwomba mwingine arudie alichosema mwenzake. Mkaguzi aliona maajabu. Aliandika kwamba mwalimu huyu anawapa wanafunzi muda wa kufikiri, anawasogelea, tena anawazoesha kusikilizana, kusikilizana, neno hilo aliliandika mtu mwenye akili zake timamu na masikio mawili, na mwalimu akalisoma ofisini kwa mkuu wa shule akajikuna shingo akasema, “Najitahidi tu.” Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, hawakuiona ya kwake, yake iliwekewa lami na taa. Na leo asubuhi mwezeshaji, dada mwenye viatu bapa na sauti ambayo kwa bahati mbaya ni nyembamba kama uzi, alimshika bega mbele ya watu wote, na maneno yake yakaja nusunusu, “…mwenzetu huyu… shule kwa shule… awafundishe wenzake… tumwone kwanza akiwa kazini…” na watu wakapiga makofi, makofi aliyasikia. Kwa hiyo ndiyo hivyo. Somo hili likipita, atapewa begi na ratiba azunguke kufundisha walimu namna ya kufundisha. Likivunjika, watajua, na wakijua hawatamfukuza, hapana, watu ni waungwana, watampa stoo ya vitabu, vitabu haviongei, watasema, utapumzika Mwalimu, na kila atakayeingia kuchukua vitabu atapaza sauti na kutamka polepole kama anayemwelekeza mtalii njia ya chooni. “Usiende,” mkewe alisema jana akimkunjia shati, alisema akimtazama usoni, akitaka asikike husema hivyo. “Au nenda, uwaambie.” “Niwaambie nini?” “Kwamba masikio yako yamestaafu kabla yako.” Yeye akacheka. Mkewe aliendelea kukunja shati lilelile, alikuwa ameshalikunja, akalifungua akalikunja upya.

Sikio la kufa halisikii dawa, na lake hata dawa haikulikuta nyumbani, kile kifaa alichopewa kiko kwenye droo pamoja na soksi zisizo na wenzake, alikivaa siku moja, darasa lote likamtazama sikio badala ya ubao, akakivua wakati wa mapumziko… Mama bado amesimama. Kiganja palepale. Mzuri sana huyu mama, anaigiza vizuri kupita kiasi, mpaka macho yameinama, mpaka kidole cha mguu kinachora sakafuni, amemtoa wapi msichana huyu, lazima anaye darasani kwake, kila mwalimu anaye, hata yeye alikuwa naye, dawati la tatu karibu na kabati, sweta limevutwa mikono mpaka ikafunika vidole, ambaye alinyoosha mkono mara moja tu mwaka mzima. Alinyoosha, akasimama, akasema kitu, midomo haikufunguka vya kutosha, na mwalimu akampa dawa yake, veri gudi, kaa chini, na msichana hakukaa. Alibaki amesimama kidogo. Wenzake waligeuka wakatazamana. Halafu akakaa. Na jioni yake, wakati wa chai, mwalimu wa hesabu alikuja anakoroga sukari huku anacheka. “Watoto wako wana vituko, nimewasikia wanasimuliana huko nje. Eti binti kakwambia kwa Kiingereza chake chote, mwalimu, mimi sielewi kitu, wewe ukamwambia vizuri sana, kaa chini.” “Utani wetu huo,” akajibu, “mimi na wao tunataniana sana,” na akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani, naye akaendelea na maisha, na msichana akaendelea na yake, mikono ndani ya sweta, hakunyoosha tena, si kwake wala si kwa Kiingereza, na mtihani wa mwisho… basi. Tazama, naye anajua kusema basi.

Naye kila mwaka alijisifu kwamba darasa lake halina woga. “Darasa lako ni mnada,” makamu wa mkuu humwambia, “nikiwa ofisini nasikia majibu yote,” na yeye hujibu, “Ndio ujasiri huo, bwana, lugha ni mdomo,” na sasa, hapa, kati ya madawati, chaki ikianza kulowa kwenye vidole, inamjia taratibu kama maji yanayoingia kwa chini ya mlango, kwamba haukuwa ujasiri, kwamba walijua, watoto walijua zamani sana, na wanapokezana habari hiyo, wa juu anamwambia wa chini siku ya kwanza, kwa mwalimu yule panua mdomo, paza sauti, mtazame usoni, mhurumie, na wenye sauti wakapaza, wakamhurumia kwa Kiingereza kwa sauti kubwa, na wale ambao Mungu hakuwapa sauti, ambao walichonacho ni uzi tu, wakanyamaza pembeni, na yeye hakuona pengo, angelionaje, kwake darasa lilikuwa limejaa. Amefundisha Kiingereza cha wenye sauti. Wengine wamekaa humo miaka, wamevaa sare, wameitikia jina, wameambiwa vizuri sana. Na karatasi ile kubwa iliyobandikwa ukutani, aliyokuwa anaisoma asubuhi akitafuta pa kuelekeza macho, imeandikwa kwa kalamu nene ya kijani kwamba semina hii ni ya yule mwanafunzi asiyesema, ameisoma, akaona ni jambo zuri, akalinakili kwa mwandiko mzuri, kana kwamba linahusu shule ya jirani…

Kimya hiki kimerefuka. Kwa wengine ni kimya chake kile maarufu, wameinama wanaandika, wote, kalamu zinatembea, hata mwenye kipara ameacha utundu anaandika, na wanaandika nini kama si yeye, mwalimu ananyamaza, mwalimu anasogea, mwalimu anainamisha kichwa kuliani, Mungu wangu, wanaandika mpaka kuinama kulia, watakwenda nalo shuleni kwao, mtu mwenye masikio mawili mazima atainamisha kichwa mbele ya mtoto anayemsikia vizuri kabisa, atangoja, atasema veri gudi, atageuka. Na yeye mwenyewe na begi lake na ratiba, shule kwa shule, akiwagawia. Uziwi wa kuzaliwa upo, wa uzee upo, huu sasa utakuwa wa semina, na cheti utapewa. Alikuwa akiogopa asije akaonekana hasikii, hiyo tu, miaka yote aibu yake aliipima kwa upana wa sikio lake, kitu kidogo cha mtu mmoja, cha kufichwa kwenye droo, kumbe kina watu ndani, kina watoto, wamekaa humo kimya. Na si kwamba amekuwa shujaa ghafla, hapana, stoo ya vitabu anaiona mpaka vumbi lake, mpaka kidirisha kile cha nondo, na mkuu wa shule akisema utapumzika, na kweli atakuwa amekwisha, kwani yeye ni nani bila darasa, ni mume anayeambiwa basi, yote anayaona, hakuna hata moja lililopungua. Ila veri gudi haipo tena. Ameitafuta ulimini, haipo, ulimi umekauka kama ubao uliofutwa, na badala yake yako maneno mengine yamejipanga, ya Kiswahili, ingawa somo ni la Kiingereza na kanuni ni moja, mwalimu haruhusiwi kutoka nje ya lugha, lakini Kiingereza chake chote, na anacho kingi, hakijawahi kubeba jambo hili, ni mafupi tu, dada yangu, sijakusikia, si kosa lako, ni masikio yangu… Feni inazunguka. Mwezeshaji ameinua kichwa, kalamu imesimama hewani. Mama wa watu amesimama, kiganja mdomoni, macho chini, anangoja kuambiwa kama amepatia, na mwalimu yuko hatua mbili mbele yake, hajasema bado, na chaki imevunjika mkononi bila yeye kujua.