Beji ya Nyambizi na Pikipiki ya Reinhold

Haki ya Mungu, haya ninayoyasema ni kweli tupu, kuanzia kofia hadi kisigino. Atakayenikamata na uongo, hata uwe mdogo kama punje ya haradali, nitaisugua pikipiki ya Irmtraud Kribbel chuma chote kwa mswaki wangu mwenyewe. Na Irmtraud yu hai, ni jirani yangu, na kila ninachoandika hukisoma kabla wino haujakauka. Kwa hiyo mjue sina mchezo.

Ilikuwa miaka michache baada ya ukuta wa Berlin kubomolewa, enzi zile watu wa Magharibi walipokuwa wakitujia huku Saksonia, Mashariki ya Ujerumani, na magari yao yanayonukia upya, wakizoa saa za babu zetu kwa bei ya viazi. Jumapili hiyo palikuwa na gulio la vitu vya kale katika ukumbi wa zimamoto. Ottmar Kribbel, dereva wa tramu aliyestaafu, aliamkia huko. Mkono mmoja alishika soseji, mwingine kioo chake cha kukuzia. Yeye alikusanya beji za jeshi za wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Zamani alizificha kwenye mtungi wa matango chini ya nyumba, maana serikali ya wakati ule haikupenda habari hizo. Mpaka ulipofunguliwa, bandia ziliingia kama nzige, na Ottmar akauziwa nyingi mno. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sasa Ottmar alishtukia hata vifungo vya shati lake.

Alipozunguka nguzo ya kati, soseji ilimkwama kooni. Shemeji yake Irmtraud, mjane wa kaka yake Reinhold, alikuwa amesimama mbele ya meza ya mtu mmoja wa Magharibi aitwaye Vollrath, mwanamume wa nywele za mafuta na glavu nyeupe. Juu ya meza kulikuwa na beji ya mabaharia wa nyambizi, na kando yake ufunguo wenye kipande cha ngozi nyekundu. Ottmar aliujua ufunguo ule. Ulikuwa wa pikipiki ya Reinhold, ile yenye kigari cha pembeni, ambayo marehemu aliipenda kuliko mboni ya jicho lake.

"Shemeji, huo ufunguo unafanya nini hapo?"

"Nabadilishana."

"Na nini?"

"Na baba," alisema Irmtraud.

Baba wa Irmtraud, Konrad Uhlig, alizama vitani na nyambizi yake, mkewe akiwa mjamzito. Binti hakuachiwa kitu ila picha moja iliyokunjika pembe. Na nyuma ya beji ile kulikuwa kumekwaruzwa herufi mbili, K na U.

"Lakini pikipiki ya Reinhold, Irmtraud! Ndiyo iliyowapeleka kufunga ndoa!"

"Reinhold nimekaa naye mpaka nikachoka kumfulia soksi. Baba sikumshika hata kidole. Niache nishike kitu kimoja alichokishika yeye."

Maneno hayo yalimwingia Ottmar kama maji ya barafu. Ikiwa beji ile ni ya kweli, hana neno, pikipiki iende na amani. Ikiwa ni bandia, shemeji yake atakuwa ameuliwa mume mara ya pili na baba mara ya pili, vyote asubuhi moja.

"Nipe niitazame."

"Mzee, tafadhali," Vollrath alisema akivuta midomo, "si kwa vidole vya soseji."

Ottmar akajipangusa kwenye suruali, akaichukua. Aliipima uzito kiganjani: sawa. Aliifunua pini na kuichungulia bawaba: sawa. Alitafuta vile vishimo vidogo vinavyoachwa na chuma kilichomiminwa kwenye kalibu badala ya kugongwa kwa mashine: hakuna hata kimoja. Shaba yenyewe ilikuwa imeingia weusi mtulivu wa uzee. Irmtraud alikwisha weka kidole juu ya ufunguo na kuusukuma kidogo kuelekea zile glavu.

"Umeridhika, bwana mpelelezi?" aliuliza Vollrath. "Imetoka kwenye sanduku la baharia mmoja kule pwani. Limefunguliwa jana jioni. Tangu vita halijaguswa."

"Hata na panya?"

"Panya wenyewe waliliamkia shikamoo, wakapita."

Hapo ndipo jicho la Ottmar lilipotua kwenye stika. Katikati ya beji, kwenye makucha ya tai, palibandikwa kiduara cheupe cha karatasi kuficha alama ya Wanazi. Hilo si geni, kila meza ilikuwa navyo. Sheria inakataza alama ile isionyeshwe hadharani, na mtu wa manispaa alikuwa akipita kati ya meza, mikono nyuma, akitafuta ya kumchongea mtu. Stika zile tumezizoea hata hatuzioni tena.

"Na hii umeibandika lini?"

"Leo asubuhi, ndani ya gari. Mimi ni raia mwema."

"Ibandue."

"Hapa? Unataka nifungwe? Yule bwana anatutazama!"

Irmtraud alivua koti kubwa la ngozi alilovaa, koti la Reinhold la kuendeshea, akalitandaza hewani kama hema. "Haya, ingieni humu."

Wakaingia vichwa vitatu na tochi moja. Nje yalibaki makalio matatu tu, na watu wakaanza kukusanyika.

"Kuna nini hapo?" akauliza mwuza soseji.

"Kuna mtu anajifungua," akajibiwa.

"Basi chemsheni maji!"

Ndani ya koti kulinuka mafuta ya injini na marashi ya Vollrath. Ottmar akaingiza ukucha chini ya stika, akaivuta polepole. Chini yake, kiduara cha shaba kiling'aa kama kijiko cha harusi. Pembeni mwake weusi wa uzee, katikati upya mtupu, na mpaka umekatika sawasawa na ukingo wa stika.

Ottmar alicheka mpaka koti likatikisika.

"Bwana Vollrath, weusi huu ni wa tangu vita, siyo? Na stika ni ya leo asubuhi. Mbona mtoto amezaliwa kabla ya mama?"

"Labda gundi... gundi imesafisha."

"Irmtraud, shemeji, nipe nyingine."

Mkono wa Irmtraud ukatoka nje ya koti, ukapapasa mezani, ukarudi na beji ambayo muda mfupi kabla Vollrath aliisifia kuwa ya mkulima aliyeitundika juu ya tanuri. Wakabandua. Kijiko cha harusi. Ya tatu, ya mtawa wa kike: kijiko cha harusi.

"Sasa nimekuelewa," alisema Ottmar. "Uliogopa polisi akigonga mlango akute sinia limejaa alama za Hitla zinakauka jikoni. Ukabandika stika kwanza, ndipo ukazifukiza kwa amonia zizeeke. Kweli sisi ni taifa la sheria! Hata tapeli wetu huanza kwa kutii."

"Na zile herufi?" Vollrath alifoka. "Herufi nazo nimezifukiza?"

"Herufi nilikupa mimi," alisema Irmtraud taratibu. "Mwezi uliopita nilikuonyesha picha. Nikakutajia jina lake."

Akalivuta koti, mwanga ukawamwagikia. Hakulia. Aliuchukua ufunguo mezani, akaupiga kwenye kiganja, na kwa sauti iliyosikika mpaka uani akamwita mtu wa manispaa. "Bwana! Njoo uone alama! Ziko nyingi, na zote zimezaliwa wiki hii!"

Vollrath alikunja meza kabla hajafikiwa, akaacha glavu moja chini. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Bendi ya tarumbeta ikaporomosha wimbo wa ushindi, wanaume wakambeba Ottmar mabegani na kumzungusha ukumbi wote, meya akavua kofia. Kisha huko uani Irmtraud akapiga teke pikipiki ikanguruma, na Ottmar akapanda kigarini, kifua mbele, ameshika soseji kama fimbo ya kifalme...

"Tarumbeta zipi?" Irmtraud amevua miwani, ukurasa wangu huu mkononi.

"Zile za... ushindi."

"Zile zilikuwa za mazishi ya mzee Tröger, ng'ambo ya barabara. Na Ottmar hakubebwa na mtu. Alijikwaa kwenye hatua ya kigari, wakamnyanyua."

"Lakini stika?"

"Habari ya stika ni kweli. Ya beji bandia nayo ni kweli. Na picha ya baba bado ipo ukutani kwangu, hakuna aliyeifukiza." Akaurudisha ukurasa mezani kwa ncha ya kidole. "Ndoo iko bombani, jirani. Mswaki unao?"

Ninao. Nimemaliza taa na usukani, na Ottmar ameketi barazani na bia yake, ananionyesha nilikoruka.