Kunywa Kahawa Yako

Kaka yangu Mundhir alinunua suti mpya ya kwenda kumwongopea binti wa watu, na akataka nimsifie.

"Imenikaa?" akaniuliza, akijigeuzageuza mbele ya kioo changu, sebuleni kwangu.

Nikamwambia imemkaa kama ngozi ya kondoo inavyomkaa chui. Akacheka. Kaka yangu hucheka tusi lolote lisilomgharimu.

Mwanzoni mwa mwezi ule tulikuwa tumekaa chakula cha Ijumaa, sinia la wali na nyama ya kondoo katikati, mwanawe Laith akaweka kijiko chini. Laith ni mhandisi wa barabara, mtu mzima mwenye kazi yake. Akasema, "Baba, acha kunitafutia mke. Mimi sipendi wanawake. Napenda wanaume, na ndivyo nilivyo tangu nipate akili."

Mundhir hakupiga kelele. Heri angepiga. Alimaliza kufyonza uboho wa mfupa wake, akafuta mafuta kidevuni, akasema, "Basi utaoa haraka zaidi. Usipooa, mimi si baba yako na mlango wangu usiujue."

"Na huyo binti?" nikamuuliza.

"Binti atapata nyumba, watoto na jina letu. Anataka nini tena? Funika kombe mwanaharamu apite, Ibtisam."

Nilikitema chakula kilichokuwa mdomoni. Kilikuwa kinanuka mafuta, na kaka yangu naye ananuka mafuta. Nikamgeukia baba yetu, Mzee Fawaz, nikitarajia angalau yeye aseme neno. Alikuwa anautazama wali. Laith akanywea, akainuka, na kabla ya chai kuletwa Mundhir alikuwa ameshapiga simu kwa akina Rawan, binti aliyemchagua. Wakamuuzia yule binti mbuzi kwenye gunia, nami nikaona wote walioketi pale ni uchafu.

Kwetu, mjini Salt, posa haiombwi na kijana. Wanaume wa ukoo huenda kwa akina binti, na mkubwa wao hupewa kikombe cha kahawa chungu. Hukiweka mbele yake, asikiguse. Kwanza aombe, kisha asubiri mzee wa upande wa pili amwambie, "Kunywa kahawa yako." Neno hilo likishatamkwa, binti ametolewa. Mkubwa wetu sisi ni baba.

Siku ya posa wanaume walijaa sebule ya Haji Turki, babu yake Rawan. Sisi wanawake tulikuwa chumba cha pili, mlango umeachwa wazi kidogo ili tupate pa kupigia vigelegele. Rawan alikaa ubavuni kwangu. Anasomea uuguzi, na kucha zake amezikata fupi kama muuguzi.

"Shangazi," akaninong'oneza, "Laith ni mtu wa namna gani? Kwenye simu ananiandikia kwa adabu, lakini tukikutana hanitazami."

"Muulize mwenyewe. Muulize kabla hujasema ndiyo."

Mke wa Mundhir akanifinya paja mpaka machozi yakanitoka, huku akimtabasamia Rawan kwa meno yake yote. "Ana haya tu, mwanangu," akamwambia. "Wanaume wenye haya ndio wazuri."

Kule sebuleni kijana mwenye dele la kahawa akamimina, akampa baba kikombe. Haji Turki alikuwa ameshanyoosha mgongo akisubiri kuombwa. Baba akakitazama kile kikombe, akakipeleka mdomoni, akanywa. Akamaliza. Akakitikisa kama mgeni aliyetosheka, akakirudisha.

"Baba," Mundhir akasema, sauti imemkauka, "umesahau."

"Sikusahau. Haji Turki, kahawa yenu nzuri, Mungu awaongezee. Sikuja kuomba kitu."

"Baba Mundhir!" Haji Turki akasimama. "Umekusanya wanaume wote hawa uje kunywa kahawa?"

"Ndiyo. Binti yenu ana thamani kuliko tulichomletea. Tuwieni radhi."

Akatafuta viatu vyake, akatoka. Rawan aliniangalia, sikujua amefedheheka au amepumua. Labda vyote.

Nyumbani kwangu Mundhir alipiga kelele mpaka majirani wakafungua madirisha. Sinia la kunafa, kitamutamu cha jibini na shira tulichonunua cha kusherehekea, lilirudi nasi, na kila alipotukana alimega kipande akala, shira inamtiririka mpaka kwenye mkono wa suti.

"Umenivua nguo mbele ya ukoo mzima! Umezeeka, akili imekutoka!"

"Mundhir," baba akasema, "mimi ni kama Laith."

"Kama Laith vipi?"

"Kama Laith. Tangu nipate akili."

Mundhir aliacha kutafuna. Laith, aliyekuwa amesimama mlangoni, akashika ukuta.

"Wewe umetuzaa!"

"Nimewazaa. Siku ya posa yangu mkubwa wetu aliweka kikombe chini, akaambiwa anywe, akanywa. Hakuna aliyemuuliza mama yenu. Wala mimi sikumuuliza."

Nikamkumbuka Nayef, fundi suti, rafiki yake baba, aliyekuja kula kwetu kila Alhamisi mpaka alipokufa. Mama ndiye aliyempikia. Mama alimchagulia paja la kuku.

"Na Nayef?" nikauliza.

"Na Nayef."

Sikuchukia kwamba alimpenda mwanamume; apende amtakaye. Kilichonitia kinyaa ni lile paja la kuku, na mikono ya mama ikilisogeza kwenye sahani ya yule mtu.

"Mama alijua?"

"Alijua. Aliniambia mara moja tu. 'Fawaz, kwako sikukosa chakula wala nguo. Nilikosa mtu wa kunitamani.'"

Nilishindwa kumtazama. Nilitaka kumpiga, mzee wa umri ule, baba yangu mzazi.

Mundhir akatema mate kwenye sakafu yangu. "Mashoga wawili nyumba moja! Laith, vitu vyako utavikuta barabarani. Na wewe mzee, ukifa usinitafute kukubeba." Akaondoka. Sinia la kunafa akalibeba.

Nilipiga deki yale mate. Kisha nikaenda jikoni kuchemsha kahawa, maana mikono ilihitaji kazi. Nyumba hii ni yangu. Mama alikuwa nayo kwa urithi wa kwao, akaniandikia mimi kabla hajafa, si mumewe wala mwanawe wa kiume. Siku zote nilidhani alinihurumia kwa kuwa nimeachika.

Nikammiminia baba kahawa chungu. Akakipokea kikombe, akakiweka mezani mbele yake. Hakukigusa. Akanyoosha mgongo kama Haji Turki alivyounyoosha.

"Ibtisam," akasema, "nimekuja kumwombea kijana huyu mahali pa kukaa."

"Na wewe?"

"Mimi sijiombei."

"Babu, acha," Laith akasema. "Nitapata pa kwenda."

"Nyamaza wewe. Anayeombewa hasemi."

Laith akacheka, cheko lililogeuka kilio njiani, akajifuta uso kwa mkono wa koti la posa. Mimi sikucheka. Nilisimama nikikitazama kile kikombe. Nilitaka kipoe. Nilitaka baba akae mbele yake akingoja kama mama alivyongoja, mwaka baada ya mwaka, na asiambiwe neno. Mvuke ukapungua, ukaisha. Kinyaa kilikuwa bado hakijanitoka, na hata leo hakijaisha chote.

Lakini Laith alikuwa amesimama mlangoni na viatu vyake mkononi, na mtu wa kumfukuza kwao alishapatikana. Hakuhitaji wa pili.

"Achukue chumba cha mama," nikasema. "Ila wewe sijakusamehe."

"Sikuliomba hilo."

"Basi kunywa kahawa yako, baba."

Akakinyanyua kikombe kwa mikono miwili. Kahawa ilikuwa imeshapoa, naye akainywa yote.