Filamu Ambayo Mkewe Hakuiona

Mshonaji na mumewe, fundi wa mafriji, walipendana kwa kuogopa pamoja. Tangu uchumba hakuna filamu ya kutisha iliyotoka wakaikosa, na kila mmoja akiwa kamshika mwenzake mkono. Ndiyo maana dada yake mshonaji na rafiki zake, watu wasiotishika kwa paka mweusi wala mlango unaolia, walikuwa wakija kwao kuuliza kipi kipya.

"Shemeji, tupe ya mwaka huu," dada mtu alisema Jumamosi moja. "Lakini isiwe ya damu tupu. Damu hata buchani ipo."

"Itafuteni ile ya mama anayesikia mtoto akilia ndani ya ukuta," fundi akajibu. "Polepole, lakini inakuingia mifupani. Zile kucha zikianza kukwaruza, utajuta kuzaliwa."

Sindano ya mshonaji ikasimama. Filamu hiyo yeye hakuwahi kuiona.

Wageni walipoondoka akamuuliza, "Umeiangalia wapi?"

"Nimesikia watu wakiisimulia."

"Na kucha umezisikia kwa watu?"

Fundi akacheka kicheko kikavu, akaenda kuoga kabla ya wakati wake.

Tangu hapo mshonaji akawa macho. Kila Alhamisi mumewe alichelewa, akarudi na harufu ya bisi shatini. Nani huyo anayemshika mkono mume wa mtu gizani? Alhamisi iliyofuata akafunga cherehani, akamfuata kwa mbali. Fundi akakunja kona, akakunja nyingine, akabisha hodi kwenye mlango ambao mshonaji aliujua kuliko wa kwake. Kwa mama yake.

Mapazia yalikuwa yamefungwa mchana kweupe. Akasukuma mlango. Fundi alikaa ukingoni mwa kiti kwa adabu zote za mkwe, bakuli la bisi magotini, macho kwenye runinga. Mama yake, yule aliyewakaripia miaka nenda miaka rudi kwa kuingiza mashetani nyumbani, alikuwa amejifunika khanga hadi puani.

"Mama!"

Wote wawili wakapiga ukelele.

"Alikuja kutengeneza friji," mama akasema alipopata pumzi. "Nikamwomba anionyeshe hicho mnachokipenda. Tangu baba yako afariki nyumba hii iko kimya, mwanangu. Kimya kinanitisha kuliko hivi. Nami nikamkataza asikwambie, maana ungenicheka."

Mshonaji hakucheka. Miezi yote hiyo alikuwa akimletea mama yake mboga mlangoni na kukimbilia kazini.

"Nawe ukakubali kunidanganya," akamgeukia mumewe.

"Ningemkatalia vipi mama mkwe?"

"Mtagombana kwenu," mama akasema. "Keti, na kama unajua mwisho, umeze."

Akaketi katikati yao. Alimnunia mumewe wiki nzima, lakini Alhamisi hakukosa tena. Na dada yake akija kuuliza kipi kipya, humwelekeza kwa mama.

"Mama yupi? Huyu wetu wa kukemea mashetani?" dada mtu aliuliza mara ya kwanza, akimtazama kwa jicho la shaka.