Mzima Namba Moja

Chumba changu cha kazi kilikuwa stoo ya viti vibovu kabla hakijawa changu. Kina dirisha moja linalotazama ukuta, meza moja, na kompyuta kubwa inayovuma kutwa nzima. Kwa sababu ya kompyuta hiyo kiyoyozi hakizimwi, na kwa sababu ya kiyoyozi mimi huvaa sweta hata siku ambazo nje watu wanajipepea kwa madaftari. Wenzangu wa maabara hupita mlangoni, huinua mkono, huendelea na safari yao. Siwalaumu. Mtu anayeshinda akitazama herufi nne tu, A, C, G na T, zikijipanga mamilioni kwa mamilioni, hana umbea wa kuleta wakati wa chai.

Kazi yangu, kwa asiyeijua, ni hii. Damu ya mgonjwa inasomwa, vinasaba vyake vinageuzwa kuwa maandishi, nami naandika programu za kutafuta kosa lililomletea ugonjwa. Shida ni kwamba kila binadamu ana tofauti mamilioni kwenye maandishi yake, na karibu zote hazina neno. Kwa hiyo tuna chujio. Tuna orodha ya watu wazima mia mbili na kumi, na tofauti yoyote aliyonayo hata mmoja wao, programu inaitupa. Hoja yake ni nyepesi: kama mtu mzima anatembea nayo miaka nenda miaka rudi, basi hiyo siyo inayoua.

Wa kwanza kwenye orodha hiyo ni mimi. Miaka saba iliyopita, tulipokuwa tunaanza, tulihitaji damu ya kujaribia mashine. Mzee anayetoa damu pale maabara, mtu asiye na simile hata kidogo, akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe hata mafua huumwi," akasema. "Lete mkono."

Nikaleta. Chupa yangu ikaandikwa M001, M ya mzima, na tangu siku ile mzee hajaniita jina langu tena. "Namba Moja, mbona shikamoo siisikii leo?" ndiyo salamu yake. Nilikipenda kile cheo. Niseme ukweli, nilikipenda kupita kiasi.

Maana kwetu tulizaliwa watatu. Kaka yetu mkubwa alianguka uwanjani akicheza mpira, ana miaka ishirini na sita. Watu wakasema ni jua. Wengine wakasema alikunywa maji ya baridi mwili ukiwa na joto, nasi tukakubali kwa sababu tulihitaji kukubali kitu. Miaka miwili iliyopita mdogo wangu akaanguka ngazini kwake, mtungi wa gesi begani. Safari hii hapakuwa na jua la kusingizia. Nikabaki mimi, mzima wa afya, nisijue niipeleke wapi aibu ya kubaki.

Mdogo wangu aliacha mke na mtoto mmoja wa kike, sasa ana miaka tisa. Tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika. Baada ya mazishi nilikwenda kwao mara chache, kisha nikaacha. Siyo kwamba tuligombana. Ni kwamba kila nilipokaa kwenye lile kochi nilihisi wifi ananitazama na kujiuliza kwa nini nilibaki mimi. Pengine hakuwaza hivyo hata siku moja, lakini sikuwa na ujasiri wa kumuuliza. Nikawa natuma ujumbe kila mwisho wa mwezi: Hamjambo? Naye anajibu: Hatujambo. Mwaka mzima ukapita hivyo.

Halafu Chiriku akazirai darasani. Mara mbili ndani ya muhula mmoja.

Daktari wa moyo, mama mmoja mtaratibu, alimpima asikute kitu cha kushika. Picha nzuri, umeme wa moyo una kigugumizi kidogo tu. Akatuambia kuna kifaa kidogo kinachowekwa kifuani, moyo ukipotea njia kinaushtua urudi. Lakini hawezi kumpasua mtoto wa miaka tisa kwa kushuku tu. Kama kosa lipo kwenye jeni za familia, alitaka alione. Damu ya Chiriku ikaletwa kwetu, pamoja na ile kidogo ya baba yake iliyokuwa imehifadhiwa hospitali. Mkuu wa maabara akaniuliza kwa upole kama ningependa kazi hiyo apewe mwingine. Mwingine yupi? Kazi hii naifanya peke yangu.

Niliifanya kwa wiki tatu. Nilichuja, nikasoma kilichobaki, nikatupa, nikaanza upya. Hakuna. Nikarudia tena, mstari kwa mstari, macho yakawa mekundu. Hakuna. Basi Jumatano nikashika simu.

"Wifi, hana kitu."

Nikasikia anavuta kamasi. "Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Maana shule ina mashindano Ijumaa saa nane, na huyu mwanao amenisumbua mpaka nimechoka. Anataka kukimbia. Nimruhusu?"

"Mruhusu."

"Basi njoo umtazame, shangazi mtu. Atafurahi."

"Nina kazi, wifi."

"Haya," akasema. "Kazi njema."

Ijumaa saa sita mchana mkuu akanirudishia jalada la familia yangu. Fomu ina hatua kumi na mbili, na moja haikuwa na alama ya vema. Ilikuwa hatua ya kukagua undugu. Programu inalinganisha kila sampuli na nyingine zote, za wagonjwa na za wazima, inataja zile zenye undugu na kiasi cha vinasaba wanavyochangia. Tunaitumia kukamata chupa zilizobadilishana: ukiona mama na mwanawe hawana undugu, ujue kuna mtu maabara alikuwa anapiga soga. Kwa familia yangu niliiruka makusudi. Mimi niiulize kompyuta nani ni ndugu ya nani kwetu?

"Ni utaratibu," mkuu akasema.

"Sawa, mkuu."

Nikaianzisha huku nimenuna, nikaenda kutafuta chai. Nilitarajia kukuta mstari mmoja, wa baba na mtoto. Niliporudi na kikombe changu nikakuta mistari mitatu. Chiriku na baba yake, nusu. M001 na baba yake Chiriku, nusu. M001 na Chiriku, robo.

Nikasonya. Nikajua zimechanganywa tena chupa, na ninamjua aliyezichanganya. Niliweka kikombe chini, nikainuka nikamtolee mzee uvivu, na nilishashika kitasa cha mlango ndipo nikasimama. M001.

Nilirudi mezani polepole. Kati ya watu wote waliomo ndani ya ile kompyuta, mbali na baba yake aliyekufa, mtoto yule alikuwa na jamaa mmoja tu, na kompyuta ilimjua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa mwaka mzima sijakanyaga kwao.

Kisha akili ikafika kwenye chujio. Chochote alichonacho mtu mzima, kitupwe. Nilichonacho mimi, kitupwe. Kama kilichowaua kaka zangu ninacho na mimi, basi programu yangu ilikuwa imekitupa tangu sekunde ya kwanza, kila niliporudia, kwa utiifu, kama nilivyoiamuru. Naye mtoto nilishamwambia akimbie.

Nikafungua orodha ya wazima. Nikaweka alama mbele ya mstari wa kwanza ili usisomwe, nikaianzisha upya. Ilichukua dakika kumi na moja, na sikukaa hata moja.

Ulibaki mstari mmoja. Ulikuwa kwenye jeni inayotengeneza protini ya kushikanisha seli za misuli ya moyo. Herufi moja imebadilika, na mahali pa kuendelea pamekuwa mahali pa kukoma, kwa hiyo protini inatoka nusu, mshono ulioishiwa uzi katikati. Baba anayo. Mtoto anayo. Safu ya M001 niliitazama mwisho, ingawa sikuwa na haja. Ninayo.

Ningependa kusema nililia kwa ajili ya Chiriku. Nililia kwanza kwa ajili yangu, dakika nzima, nimeuma mkono wa sweta. Halafu nikaona saa. Saba na dakika kumi. Mbio zinaanza saa nane.

Simu ya wifi iliita ikakata. Nikapiga mara tano. Nikaandika ASIKIMBIE kwa herufi kubwa, ujumbe ukaenda, haukusomwa. Namba ya shule sikuwa nayo. Shangazi gani hana namba ya shule?

Nikamkuta mzee anapanga chupa. "Namba Moja," akaanza, "leo umenuna kama—"

"Usiniite hivyo. Funguo za gari lako ziko wapi?"

Alinitazama usoni. Akavua glavu.

Gari lake lina mlango mmoja usiofunguka na mwingine usiofungika. Tulifika shuleni saa nane kasoro dakika tatu. Watoto walishapangwa kwenye mistari ya chokaa, Chiriku njia ya nne, karatasi ya namba imebandikwa kifuani, mguu mmoja mbele, mdomo umefungwa. Sijawahi kumwona amefunga mdomo. Mwalimu alikuwa na filimbi mkononi. Nikaanza kukimbia. Hatua tano, sita, nikakumbuka kwamba hata mimi sitakiwi kukimbia, nikasimama katikati ya uwanja nimeshika kifua. Mzee akanipita na koti lake jeupe, anapunga mikono miwili.

"Subiri! Mwalimu, subiri! Yule njia ya nne mtoe!"

Mwalimu akashusha filimbi.

Wenzake walikimbia bila yeye. Tulikaa kwenye ngazi za jukwaa, mimi na yeye, na hakutaka nimguse.

"Mwaka mzima hujaja," akasema, machozi yanamtiririka. "Halafu unakuja kuniharibia."

"Ni kweli."

"Mimi ningeshinda."

"Najua."

Wifi alikuja mbio kutoka upande wa madarasa, alikosaidia kupanga vinywaji na kuacha mkoba wake na simu ndani. Nikamwambia hapohapo, kabla sijapata muda wa kupamba. Nilikosea. Mtoto ana hitilafu ya moyo, baba yake alikuwa nayo. Jumanne daktari ataiona, watampima tena kwenye maabara nyingine kuhakikisha, lakini mbio basi.

"Uliniambia una uhakika," akasema wifi. Hakupaza sauti. Ningeshukuru kama angepaza.

"Nilikwambia."

"Nilikuuliza, ukanijibu nina uhakika. Ulikoseaje?"

Nikamweleza chujio, orodha ya wazima na yule wa kwanza. Nilikuwa nimepanga kuishia kwenye kosa la kazi, ile sehemu nyingine niimeze. Lakini wifi siyo mjinga. Nilimwona anaifikia mwenyewe.

"Kwa hiyo na wewe unayo," akasema.

"Na mimi ninayo."

Chiriku akaacha kulia. Alinikagua kwa makini, kifua changu hasa. "Wewe pia huruhusiwi kukimbia?"

"Siruhusiwi."

Akafikiri. Kisha akajisogeza ngazi moja karibu nami, bado amenuna, magoti yetu yakagusana. Wifi alibaki amesimama mbele yetu, amejishika kiuno, anatutazama mmoja baada ya mwingine. Hakusema amenisamehe. Alisema tu jua ni kali, tuhamie kivulini.

Jumatatu nilimpelekea mkuu maelezo ya kosa langu, kurasa nne. Wagonjwa wote wa miaka saba wachujwe upya, mmoja mmoja, bila M001. Kazi ipo. Akasaini, akaniuliza kama ninahitaji likizo, nikasema hapana kwa mazoea. Kisha nikarudi chumbani kwangu kufuta ule mstari kabisa. Kompyuta haifuti bila kuuliza. Ikauliza: Una uhakika? Nililitazama swali lile muda mrefu kuliko lilivyostahili, nikabonyeza ndiyo. Wakabaki watu mia mbili na tisa. Mchana ule mzee alipita mlangoni, akainua mkono, akashindwa aniite nani, akapita.

Saa kumi simu ikalia. Haikuwa mwisho wa mwezi.

Kesho saa mbili tunakupitia, aliandika wifi. Daktari nimeshamwambia mko wawili. Umekula?

Nilianza kuandika hamjambo, kidole kimezoea. Nikafuta. Nikaandika: Bado.

Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini. Basi njoo, huyu anakuulizia tangu asubuhi.

Nikavua sweta, nikaitundika nyuma ya kiti, nikatoka.